Substack kwa ripota anayetoka gazetini: tathmini ya mtu anayeitumia

Hii tathmini siiandikii kila mtu anayetaka kublogu. Naiandikia ripota, mhariri, mtangazaji, mtu ambaye amekaa chumba cha habari miaka mingi na sasa anataka kuhamia dijitali, au ameshapunguzwa kazi tayari na anajiuliza ajenge wapi. Watu kama sisi hatuhitaji kufundishwa kuandika wala kuambiwa dedilaini ni nini, tunachohitaji ni sehemu ambayo msomaji akishatupata hatupotezani tena, na kwa hilo mimi nasema Substack ndo huduma ya kwanza kuijaribu, ila ina mambo yake ambayo mtu aliyezoea gazeti asipoyajua mapema yatamsumbua sana.

Kwa asiyeijua, ni huduma ya kutuma jarida kwa imeili. Ilianzishwa 2017 na Chris Best, Hamish McKenzie na Jairaj Sethi, na huyo McKenzie mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari kwaiyo ukiingia ndani unaona kabisa kuna mtu anayejua kazi yetu alikaa mezani wakati inatengenezwa. Unafungua akaunti bure, unaandika, ukibonyeza kutuma makala inakwenda sehemu mbili kwa mpigo, kwenye imeili za waliojisajili na kwenye tovuti yako ambayo wanakutengenezea wao. Ukiamua kulipisha wasomaji wao wanachukua asilimia 10 ya unachoingiza, alafu kampuni ya malipo, Stripe, inakata yake juu ya hapo. Usipolipisha hawachukui chochote, unaweza kukaa bure hata miaka.

Sasa kwanini nang'ang'ania imeili wakati kila mtu anasema vijana wako kwenye video? Kwa sababu gazetini jina lako lilikuwa juu ya stori kila siku lakini msomaji hakuwa wako, alikuwa wa gazeti, siku unaondoka unamwacha palepale mapokezi pamoja na kitambulisho cha kazi. Na mitandao ya kijamii ni hivohivo tu, unajenga wafuasi kwenye nyumba ya mtu. Tumeshaona mara ngapi. Vine, ile apu ya video fupi, ilitangazwa kufungwa 2016 na watu waliokuwa wamejijengea jina pale wakabaki wanahangaika kuwahamisha mashabiki wao. Mwaka huohuo Facebook ilikiri kwamba kipimo chake cha wastani wa muda ambao watu wanatazama video kilikuwa kimekuzwa, na kumbuka wakati ule vyumba vya habari vilikuwa vinakimbilia video kwa kuamini namba hizo, vingine viliachisha waandishi ili viajiri watengeneza video. Januari 2018 Facebook tena ikasema inapunguza posti za kurasa za biashara na vyombo vya habari ili ndugu na marafiki waonekane zaidi, na tovuti zilizokuwa zinaishi kwa wasomaji wa kutoka kule zikaumia vibaya. Agosti 2023 huko Canada kampuni mama ya Facebook ilianza kuzuia habari zote kwenye Facebook na Instagram kwa sababu ya ugomvi wake na sheria mpya ya kutaka ilipie habari. Vyombo vya habari vya nchi nzima, linki zao hazionekani! Mtu aliyekuwa na imeili za wasomaji wake aliendelea kuwaandikia kama kawaida.

Hapo ndo nguvu ya hii huduma ilipo. Orodha ya wasomaji ni yako, unaingia kwenye setingi unashusha faili lenye imeili zote, unaweza kuondoka nalo leo ukaenda kulipakia kwenye huduma nyingine. Malipo pia yanapitia akaunti ya Stripe ambayo ni yako wewe, sio yao. Na ilithibitika Aprili 2023 pale Twitter (sasa X) ilipoanza kubana linki za Substack, ikawa huwezi kulaiki wala kurituiti posti yenye linki hiyo, waandishi wengi walipiga kelele na walikuwa na haki, lakini jarida la kesho yake liliwafikia wasomaji bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mtu ambaye ametoka sehemu ambayo msomaji alikuwa mali ya mwenye gazeti, hii ni tofauti kubwa sana na sidhani kama watu wanaithamini vya kutosha.

Nije kwenye kuitumia kwenyewe. Ukurasa wa kuandikia ni mweupe, hauna makorokoro, kichwa cha habari, kichwa kidogo, alafu mwili wa stori. Picha unaiburuta inakaa, unaandika maelezo yake chini kama gazetini. Sauti na video pia zinaingia kwaiyo mtu wa redio anaweza kuendesha podikasti yake humohumo na wasomaji wakaipata kwenye imeili ileile. Unaweza kupanga makala itoke saa fulani. Unaweza kuweka mstari katikati ya stori, wa juu yake wanasoma wote na wa chini wanasoma wanaolipa tu, na hii inataka akili ya mhariri wa ukurasa wa mbele kujua ukate wapi, maana ukikata mapema mno msomaji anaona umemdanganya na ukikata mwishoni hana sababu ya kulipa.

Kitu ambacho watu wa magazeti watakizoea haraka kuliko wanablogu ni kwamba imeili ikishatoka hairudi. Ukikosea jina la mtu au namba, kwenye tovuti unarekebisha dakika hiyohiyo, lakini ile iliyoingia kwenye visanduku vya watu imeingia, imebaki na kosa lake kama nakala ya karatasi iliyokwisha sambazwa. Kwaiyo ile tabia yetu ya kusoma prufu, kupiga simu ya mwisho kuhakikisha cheo cha mtu, kuuliza hii takwimu imetoka wapi, haijapitwa na wakati hata kidogo. Na masahihisho yanatakiwa yatumwe kwenye toleo linalofuata yakiwa wazi, sio kubadilisha kimyakimya kwenye tovuti ukadhani hakuna aliyeona. Nimekuta waandishi wa dijitali hodari sana kwenye vingine vyote lakini hili wanalichukulia poa, na msomaji anayelipa analigundua.

Ila hapa ndo tunafika kwenye pengo kubwa, na sio kosa la Substack peke yake, ni la maisha haya mapya kwa ujumla. Hakuna mhariri. Hakuna yule mtu wa dawati la uhariri aliyekuwa anakukatia aya tatu za mwanzo na kukwambia stori yako inaanzia hapa kwenye ya nne. Gazetini ulipewa nafasi ya maneno 600 na ukakasirika, onlaini nafasi haina mwisho na ndo hatari yenyewe, unaona mtu aliyekuwa ripota mkali kabisa anaandika maneno 3,000 kwenye jambo la maneno 800 kwa sababu hakuna wa kumzuia. Substack wana linki ya siri ya kushea rasimu kabla haijatoka, unamtumia mtu anasoma na kuacha maoni, na mimi nasema hiyo ndo sehemu muhimu kuliko zote kwa mtu wetu. Mtafute mwenzako aliyetoka gazetini kama wewe, mkubaliane kuhaririana, stori yako kwa stori yake. Ukikosa mtu basi iache ilale usiku mmoja ndo uisome tena, lakini hiyo haifikii jicho la mtu mwingine.

Na mwanasheria je? Chombo kikubwa kina mtu anayesoma stori ya tuhuma kabla haijatoka, ukiwa peke yako tuhuma na kesi vyote ni vyako. Kuna mpango wao wa msaada wa kisheria uitwao Substack Defender, ulianza 2020 huko Marekani, na ni jambo zuri la kupongezwa, lakini usijenge maisha yako juu yake kama unaandikia nchi nyingine yoyote. Kwa mwandishi wa uchunguzi nasema kabisa, kabla ya kuacha kazi jua ni wakili gani utampigia simu.

Alafu namba. Jamani hizi namba zinabadilisha mtu. Gazetini ulijua nakala zimeuzwa ngapi lakini hukujua nani alisoma stori yako na nani aligeuza ukurasa, huku dashibodi inakuonyesha wangapi wamefungua, wangapi wamebofya, wangapi wamejiondoa baada ya toleo la leo, na unaweza hata kujaribu vichwa vya habari viwili kwa makundi tofauti uone kipi kinafunguliwa zaidi. Ni elimu nzuri. Lakini elewa kwamba hiyo asilimia ya waliofungua sio ya kuamini sana, tangu 2021 Apple ilipoweka ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya imeili, zile picha ndogo zinazofichwa ndani ya imeili kupimia nani ameifungua zinafunguliwa na mashine hata kama mtu mwenyewe hajasoma, kwaiyo namba inapanda juu kuliko ukweli. Waliobofya na waliojibu ndo kipimo cha maana. Waliojibu hasa, maana imeili inajibika, msomaji anabonyeza tu kujibu na ujumbe wake unakufikia, na nimeona stori nzuri zinazaliwa kutoka majibu ya wasomaji kuliko kutoka kwenye taarifa za vyombo vya habari ambazo zilikuwa zinajaa kwenye dawati.

Mambo ya kiufundi mawili ya haraka. Gmail inaikata imeili ikizidi kilobaiti 102, msomaji anaona nusu alafu inabidi abonyeze kuona iliyobaki, Substack inakuonya ukikaribia lakini wengi wanapuuza, wewe usipuuze, hasa usizike jambo kubwa chini kabisa. Na kuna kile kisanduku cha matangazo cha Gmail kilichokuja 2013, jarida lako linaweza kuangukia humo, kwaiyo kwenye barua ya kwanza ya kumkaribisha msomaji mwombe akujibu hata kwa neno moja ili Gmail ione mnafahamiana.

Hatari ya namba ambayo naiogopa zaidi ni nyingine. Ripota wa mahakama au wa halmashauri anajua kuna stori ambazo hazina wasomaji wengi lakini lazima ziandikwe, na chumba cha habari kilikuwa kinazibeba, michezo na burudani zilivuta wateja na bajeti ya halmashauri ikapata nafasi ukurasa wa tano. Ukiwa peke yako hakuna michezo ya kukubebea. Utaona toleo la maoni makali linapata watu mara tatu ya toleo la uchunguzi uliokutesa mwezi mzima na kishawishi cha kugeuka mtu wa maoni kitakuja, kitakuja tu. Sina dawa ya hili ya uhakika. Ninachoona kinafanya kazi kwa wengi ni kumwambia msomaji waziwazi analipia nini: analipia mtu akae mahakamani, sio analipia hasira za wiki. Wasomaji wa namna hiyo ni wachache lakini hawaondoki ovyo.

Upande wa pesa nitakuwa mkweli kwa sababu kuna watu wanauza ndoto. Substack yenyewe imetangaza kupita usajili wa kulipia milioni 5 mwaka 2025, na ni kweli wako waliotajirika, ila wengi wa hao wa juu walikuja na jina tayari. Kuna kipindi kampuni ilikuwa inawapa baadhi ya waandishi malipo ya mwanzo ya mwaka mmoja, na kwa kubadilishana nayo ikachukua asilimia 85 ya mapato ya usajili ya mwaka huo, yaani walipewa mshahara wa kujiunga. Wewe na mimi hatuanzi hivo. Tunaanza na watu tunaowajua, vyanzo vyetu vya zamani, wasomaji waliokuwa wanatuandikia, na inakua polepole sana. Ndo maana nashauri usiache kazi kwanza kama bado unayo na mkataba wako unaruhusu, anza jarida la bure kwenye eneo lako unaloripoti, lizoeshe kutoka siku ileile kila wiki, ukiona watu wanajibu na wanalituma kwa wenzao ndo ufikirie kulipisha. Aliyekuwa na eneo lake, elimu, ardhi, afya, mpira wa wanawake, kilimo, yuko mbele kabisa ya yule aliyekuwa anatumwa stori yoyote ya siku. Huyu wa pili itabidi achague, na kuchagua ni kazi ngumu kuliko kujifunza programu yoyote.

Na kabla ya ndoto yoyote ya kulipisha angalia kama Stripe inafanya kazi nchini kwako. Haipo kila mahali, kuna nchi nyingi na za Afrika nyingi zikiwemo ambazo huwezi kufungua akaunti yake, na bila Stripe kitufe cha kulipia Substack hakiwaki. Wanaokwama hapo wanatumia jarida la bure kujenga jina kisha wanaingiza pesa pembeni, kwa mafunzo, kwa kazi za kuandika kwa oda, kwa wadhamini, kwa michango inayopita njia za nchini kwao. Inawezekana lakini ni mzigo, na ni dosari kubwa ya huduma hii kwamba mtu anaweza kuwa na wasomaji tayari kulipa na mlango ukawa umefungwa kwa sababu ya alipozaliwa tu.

Kingine kinachonipa wasiwasi ni kwamba Substack inazidi kugeuka kuwa mtandao wa kijamii. 2022 walileta apu yao, Aprili 2023 wakaleta Notes ambayo ni fidi kama ya Twitter, sasa kuna na video laivu. Inasaidia kukua, sikatai, mwandishi mmoja anampendekeza mwingine na wasomaji wapya wanaingia bila wewe kulipia tangazo. Lakini mtu anaweza kukufuata kule bila kujisajili, na mfuasi wa namna hiyo hakupi imeili yake, kwaiyo huwezi kuondoka naye. Polepole unajikuta tena pale ulipokuwa unapakimbia. Kila unapoona idadi yako angalia ile ya waliojisajili, hiyo nyingine isikupumbaze, na kila posti ya Notes imalizie kwa kuwaelekeza wajisajili.

Kama hilo linakukera tayari basi angalia Ghost. Hii ilianza 2013, inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, programu yake ni ya chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuichukua akaiendesha mwenyewe, na haichukui asilimia yoyote ya mapato yako, wewe unalipia tu mahali pa kuihifadhi. Casey Newton, mwandishi wa teknolojia ambaye aliacha kazi kwenye tovuti ya The Verge 2020 akaanzisha jarida lake la Platformer kwenye Substack, alihamia Ghost Januari 2024 baada ya mvutano kuhusu Substack kuruhusu majarida ya Wanazi, na aliweza kuhama kwa sababu orodha ilikuwa yake. Waandishi wanne walioanzisha 404 Media, tovuti ya habari za teknolojia, Agosti 2023 baada ya kutoka Motherboard, kitengo cha teknolojia cha chombo cha habari cha Vice, nao wako Ghost, na huo mfano naupenda kuliko wa nyota wanaofanya peke yao, maana ni waandishi wanne wanaobeba kazi pamoja na lile pengo la mhariri nililolisema linapungua sana. Ubaya wa Ghost ni kwamba ada unalipa kila mwezi hata kabla hujapata msomaji hata mmoja anayelipa, haina ule msukumo wa kupendekezana kwa kiwango cha Substack, na ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe utahitaji mtu anayejua kompyuta vizuri.

YouTube nitaigusa tu kwa sababu watu wa televisheni wataniuliza. Ni nzuri kwa kupatikana, lakini ili upate mgao wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90, na kwenye video ndefu wewe unabaki na asilimia 55. Itumie kama sehemu ya kukutana na watu, weka linki ya jarida kwenye kila maelezo ya video.

Kwa ripota mmoja anayeanza bila mtaji mimi naipa Substack nyota nne kati ya tano. Kwa kikundi cha waandishi watatu au wanne wenye akiba kidogo nawaambia waende Ghost moja kwa moja. Kwa yoyote kati ya hao, kila mwisho wa mwezi ingia kwenye setingi ushushe orodha ya imeili pamoja na makala zako zote, inatoka kama faili moja la zipu, ihifadhi nje ya mtandao. Ile nyota moja nimeipunguza zaidi kwa hilo la Stripe kuliko kwa hilo la Notes. Wakiruhusu njia nyingine za malipo, kuna maripota wazuri mno ambao leo wanaandika bure kila wiki na wasomaji wao wangeanza kuwalipa kesho.